Je, maji ya Mto Mara ni machungu?

Nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili hapa Nairobi, mwalimu alitusomea Kutoka 15: Waisraeli wanafika Mara wakiwa na kiu, lakini maji hayanyweki kwa uchungu. Darasa zima lilipajua Mara. Si ndiko nyumbu wanakovuka? Nikajiambia basi, kumbe ndiyo maana wanavuka mbio vile, hakuna la kunywa. Imani hiyo nilikaa nayo miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mara ya Biblia ni ya Kiebrania, mzizi wake m-r-r, uchungu. Ndiyo sababu Naomi, baada ya kufiwa na mume na wana wawili, alitaka aitwe Mara. Mto wetu ni mwingine kabisa. Unatoka Mau na kuingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Ni maji matamu, na nyumbu huyanywa. Jina lake ni la Kimaasai, na kwa kawaida huelezwa kuwa ni "madoadoa", jinsi nyika inavyoonekana ukiwa juu kilimani: mti hapa, kichaka pale, kivuli cha wingu kule. Kimaasai ni lugha ya Kiniloti. Kiebrania si ya ukoo huo. Wamaasai wangetaka kutaja maji wangetaja, kama walivyotuachia jina la Nairobi, maji baridi.

Na kuna akina Mara wengine. Katika Ubuddha, Mara ni yule mjaribu aliyemwandama Buddha, na jina lake lina mzizi wa Kisanskriti wa kufa. Argentina, mara ni mnyama wa miguu mirefu anayefanana na sungura, ingawa kiukoo ni jamaa ya simbilisi.

Mbona jina moja lizagae hivi? Panda matatu ya abiria 33. Uwezekano kwamba wawili wao wamezaliwa tarehe moja ni kama asilimia 77. Watu hukataa, kwa kuwa kila mmoja hujilinganisha yeye na wale 32. Lakini hesabu ni ya jozi, na ndani ya gari hilo mna jozi 528. Sasa tarehe ziwe maneno mafupi, abiria wawe lugha, ambazo ni takriban 7,000. Konsonanti 20 na vokali 5 hutoa silabi 100, yaani maneno 10,000 tu ya silabi mbili, na kila lugha inapanda na mizigo ya maelfu ya maneno. Tena m na a zimo karibu katika kila lugha, kwa hiyo wengi wanagombania viti vilevile. Neno refu halina shida hiyo. Nenda kamtafute "kitindamimba" Argentina.

Ila si kila kufanana ni bahati. "Mara" ya "mara moja" tuliitoa kwa Waarabu: marra, mzizi m-r-r, wa kupita. Na Kiarabu kina pia murr, chungu, ndugu wa damu wa Mara ya Naomi. Herufi zilezile! Nilipoliona hilo nilitaka kurudi kwa mwalimu wangu nikadai alama zangu, lakini herufi kufanana hakutoshi kuthibitisha kwamba kupita na uchungu vimetoka tumbo moja.

Anayesema "nimeenda Mara mara mbili", basi, ametumia Kimaasai na Kiarabu kwa pumzi moja, na nyumbu kule wanaendelea kunywa.