Kusaini fomu ya upasuaji si kusamehe uzembe

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu: "Ukishasaini fomu ya upasuaji, hata wakikusahaulia mkasi tumboni huna pa kulalamika." Si kweli.

Fomu hiyo ni ya ridhaa. Inaonyesha kwamba umeelezwa utakachofanyiwa na hatari zake za kawaida, kama kutokwa damu au kidonda kupata maambukizi, nawe ukakubali. Gozi (kitambaa cha kufyonza damu) kusahaulika tumboni, au kupasuliwa mguu usio na ugonjwa, hukukubali popote. Uzembe ukithibitika, Kenya na Tanzania mgonjwa anaweza kudai fidia mahakamani, na saini yake haimzuii. Orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) 2008 na kutumika nchi nyingi, inataka gozi, sindano na vifaa vihesabiwe kabla mgonjwa hajatolewa chumba cha upasuaji.

Mkanganyiko unaeleweka. Fomu huletwa wakati wa maumivu, pengine kwa Kiingereza, na ndugu anasaini huku mkono ukitetemeka. Tena, si kila upasuaji unaoishia vibaya ni uzembe. Daktari anaweza kufanya yote sawasawa na bado matatizo yakatokea.

Ukitaka kuhakikisha, isome fomu yenyewe, ama umwombe muuguzi akufafanulie mstari kwa mstari. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze: anayeuamini anaweza kukimbia upasuaji anaouhitaji, au kunyamaza tumbo likimuuma miezi kadhaa baada ya kushonwa.