Usiguse hiyo 253 kabla hujapima

Mwalimu mmoja mstaafu anayeishi mtaa wa Utawala, Nairobi, alinipigia simu saa saba mchana, jua likiwa utosini. "Fundi, ile inveta yako imejizima tena." Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli za sola uwe wa nyumbani na kuuunganisha na gridi, yaani stima ya mtaani, si yangu, sikuifunga mimi, lakini ukishafungua mfumo wa mtu mara moja, basi umeurithi. Nikamwuliza kioo kinasema nini. Nikasikia malapa yake yakienda na kurudi. "Kinasema volti za gridi zimezidi. Halafu kinahesabu kutoka 60 kushuka. Kikifika sifuri inawaka, dakika mbili tatu, inazima tena."

Januari na Februari, mawingu yakishaondoka Nairobi, simu za namna hii hunijia mfululizo. Ningemwambia asubiri Jumamosi. Ila akaongeza: "Kuna kijana alipita hapa akasema tuipandishe mpaka 270 tupumzike." Hapo nikachukua funguo za gari.

Hiyo namba inayotakiwa kupandishwa, yaani kikomo cha volti ambacho zikikipita inveta inajizima, imetoka wapi? Kenya umeme wa nyumbani ni volti 240, na unaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 6. Piga hesabu: kati ya 225.6 na 254.4. Inveta nyingi tunazofunga zimetengenezewa nchi za volti 230, ambako kipimo ni asilimia 10 juu na chini, kwa hiyo ukingo wa juu ni 253. Ujerumani, wastani wa dakika 10 ukipita 253 inveta inatakiwa ijitoe. Afrika Kusini nako, zikikaa juu ya 253 inatakiwa ijitoe. Aliyefunga asipochagua nchi kwenye menyu, au menyu yenyewe ikiwa haina Kenya, inveta inabaki na sheria za Berlin au za Johannesburg huku imetundikwa ukutani Utawala. Stima ikifika 254, kwa kanuni yetu iko sawa. Kwa inveta ni kosa.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalitazami. Transfoma za mifumo ya volti 415 mara nyingi zimeandikwa 433 kwenye kibati, upande wa kutolea. Hizo ni volti za fezi kwa fezi, yaani kati ya waya mmoja wa moto na mwingine, transfoma ikiwa haina mzigo. Gawanya kwa 1.732 upate za fezi moja na nyutro, waya wa kurudishia umeme: 250. Zile 10 za ziada zimewekwa makusudi ziliwe na nyaya njiani, ili nyumba ya mwisho wa laini nayo ipate 240 au karibu yake. Sasa wewe unayekaa nguzo ya pili kutoka kwenye transfoma, Jumapili mchana, mtaa mzima uko kanisani au shagsi, kule kijijini, nani atazila hizo 10? Unaanza siku na 250 kabla paneli hazijaamka.

Kwa hiyo fundi anayesema "volti za stima ziko juu, pandisha kikomo" pengine ana haki. Pengine. Shida ni kwamba kuna ugonjwa mwingine unaoleta ujumbe uleule kwenye kioo, na huo ndio unaochoma nyumba.

Ili umeme utoke kwako uende barabarani, lazima volti za inveta ziwe juu kidogo kuliko za gridi. Juu kiasi gani, inategemea upinzani ulio njiani: waya, skrubu, viungo, breka. Waya ukiwa mnene na viungo vikiwa safi, volti moja au mbili zinatosha. Waya ukiwa mwembamba na mrefu, zinapanda sita, saba, hata zaidi. Na inveta hupima volti pale kwenye terminali zake, haipimi getini. Inaweza basi kuisingizia gridi volti ambazo imezipandisha yenyewe.

Kwa Mwalimu, mita ya stima iko getini na inveta iko stoo nyuma ya nyumba, umbali wa mita 35. Kijana ninayemfundisha kazi nikamweka getini na multimita, mimi nikakaa stoo na yangu, simu wazi, tunasomeana namba. Lazima mpime kwa wakati mmoja. Ukipima getini kisha ukatembea hadi stoo, jirani ameshawasha pasi na namba zako hazina maana tena.

Kwanza inveta ikiwa imezimwa. Getini 244, stoo 244. Gridi haikuwa na neno. Kisha tukaiwasha, nikaibana kwenye menyu isizidi kilowati 3 ili isijizime kabla hatujamaliza, karibu ampea 12. Kijana akasoma 245. Kwangu stoo, 252.

Volti 7 zimepotelea ndani ya boma la Mwalimu. Waya wake ni wa shaba, milimita 4 za mraba. Waya huo una upinzani wa omu 4.61 kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni mita 70, kwa hiyo omu 0.32. Zidisha kwa ampea 12: volti 4, ukikadiria. Nne nimezipata. Tatu ziko wapi?

Fundi mwenye haraka angesema waya ni mwembamba, leta mnene, na angelipwa vizuri kwa kazi ambayo haikuhitajika siku hiyo. Hizo tatu haziwezi kuwa za waya. Tukafuata ukuta mpaka nyuma ya tangi la maji, tukakuta kisanduku cha kuungia nyaya, kimefunikwa na utando wa buibui. Kijana akafungua kifuniko akarudisha kichwa nyuma. "Boss, kuna samaki hapa?" Hapakuwa na samaki. Plastiki ya viungo vya umeme ikikaangwa muda mrefu huwa na harufu hiyohiyo, ya samaki aliyeanza kuharibika. Ukiisikia karibu na soketi au boksi la breka, na nyumbani hamjapika samaki, zima swichi kuu kwanza ndipo uulize maswali.

Nikaweka ncha moja ya multimita kwenye nyutro inayoingia, nyingine kwenye nyutro inayotoka, skrubu moja tu katikati. Ilisoma volti 3. Kiungo kisicho na hitilafu kikiwa kinapitisha ampea 12 unatarajia sehemu ndogo sana ya volti moja. Tukazima kila upande, nikafungua. Aliyeunga hakuwa amechuna waya vya kutosha, skrubu ikabana plastiki, na shaba imegusa kwa ukingo tu, nyuzi chache. Nyuzi hizo zilikuwa nyeusi, na plastiki nyeupe ya kiungo imekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Volti 3 kwa ampea 12 ni omu 0.25. Inveta ikitoa nguvu zake zote, ampea 20, pale kwenye skrubu panazalika joto la wati 100, sawa na balbu ya zamani ya kioo, ndani ya kisanduku kisichozidi kiganja. Na haijalishi umeme unakwenda upande gani: jioni Mwalimu akiwasha shawa ya umeme, kiungo kilekile kinachemka tena. Ile 270 ya kijana ingefanya nini? Inveta ingenyamaza, kisanduku kingeendelea kupika. Tulikuwa na kengele moja tu nyumba nzima, na ushauri ulikuwa tuikate waya.

Tukakata kipande kilichoungua, tukachuna upya, kiungo kipya, skrubu ikakazwa. Tofauti ikashuka hadi 4, zilezile za waya.

Nikabaki na swali lililonikera tangu mwanzo: kwa nini inveta ya Mwalimu inasukuma umeme nje wakati hana mkataba wa kuuza? Nikaingia kwenye menyu. Kipengele cha kuuza kimewashwa. Ile pete ya kuhisi mkondo, inayobanwa kwenye waya mkuu ili inveta ijue umeme umefika getini, ilikuwa ndani ya katoni yake, bado kwenye nailoni. Nikamwuliza kuhusu tokeni, zile za umeme wa kulipia kabla. "Sola hii," akasema, "inakula tokeni kuliko friji." Nilimwamini. Mita nyingi za tokeni huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeingia. Mwalimu alikuwa akilipia kila uniti aliyoigawia mtaa bure. Tukabana pete penye waya unaotoka mita, mshale ukielekea upande unaotakiwa, tukazima kuuza. Sasa volti za stoo na za getini zinakaa karibu pamoja mchana kutwa.

Mpangilio wa kazi hapa ndio wenye maana. Ningeanza na menyu, malalamiko yangeisha siku ileile na nisingefungua kile kisanduku.

Nyumba ya pili ilikuwa Donholm, na huko mambo yalikuwa kinyume kabisa. Inveta imezimwa, getini 255. Nikamwachia mama mwenye nyumba kipimo kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, aandike. Saa tisa usiku aliandika 257, na hiyo saa hakuna jua la kulaumu. Waya wake ulikuwa mnene, viungo safi. Hapo tatizo ni la laini, na dawa iko kwa wenye laini. Andika tarehe, saa, volti, na kwamba sola ilikuwa imezimwa, kwa wiki nzima; piga picha. Malalamiko yenye jedwali husikilizwa tofauti na "stima yenu ni kali". Wanachoweza kufanya ni kushusha hatua moja kwenye transfoma, kwa kawaida asilimia 2.5, yaani volti 6. Lazima transfoma izimwe kwanza, kwa hiyo mtaa unakaa gizani kidogo. Wanaweza pia kukataa: yule wa nguzo ya mwisho, ambaye saa mbili usiku anapata 222, naye atapoteza volti 6. Nikiwa mimi ningesita pia.

Katika nyumba kama hiyo ndipo nakubali kugusa kikomo, na hapo pia nagusa kwa kuchagua kanuni ya nchi ya volti 240, si kwa kuandika namba inayonipendeza. Kama inveta inaweza kupunguza nguvu polepole kadiri volti zinavyopanda, nawasha hiyo. Afadhali upate kilowati 3 mfululizo kuliko 5 za kuwaka na kuzima. Kupasha maji, kufua na kupandisha maji ya kisima navyo vihamie mchana, vinakula ziada kabla haijafika getini. Na kabla ya yote angalia kile kifaa cha tarakimu nyekundu cha kulinda volti, kama mnacho kwenye boksi la breka. Mara mbili nimeitwa kutengeneza inveta nzima, kumbe kifaa hicho ndicho kinachokata, kimewekwa 250. Kuachia volti 260 ziingie nyumbani si jambo dogo: koili ya kupasha maji iliyotengenezewa 240 itatoa joto la asilimia 17 zaidi.

Ukiona 280 au 300, au taa moja inang'aa kupita kiasi huku nyingine inafifia, acha kusoma hapa. Hiyo ni nyutro iliyokatika mahali fulani. Zima swichi kuu, chomoa friji na televisheni, ita kampuni ya umeme, usirudishe mpaka waje. Na usiguse kitu chochote kilicho nyuma ya sili yao; kazi nyingine zote nilizoeleza mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, maana kuna skrubu pale ambazo hazikupi nafasi ya kukosea mara ya pili.

Asubuhi za Julai, baridi ikiwa nyuzi 11, kioo kinaweza pia kulalamikia volti kupita kiasi, lakini soma vizuri: zile ni za paneli. Paneli baridi hutoa volti zaidi. Huo ni ugonjwa mwingine, wa kuunganisha paneli nyingi mno kwa mfuatano, na nitauandikia siku yake.

Mwalimu naye ameshasikia habari za kanuni za mwaka 2024 za kuuza ziada, ambapo ukitoa uniti mbili unahesabiwa moja. Anataka kuomba mita ya pande mbili. Nimemwambia kwanza tubadilishe ule waya wa milimita 4, tuweke wa 16, la sivyo inveta ikianza kuuza kwa nguvu zote itarudi kuhesabu kutoka 60. Amesema tusubiri pensheni.