Eksirei ya Kidijitali na Meno Yanayooza: Maswali na Majibu

Daktari wa meno ana kioo na taa. Kwa nini anataka nipigwe picha?

Kioo humwonyesha sehemu zilizo wazi tu. Magego yamebanana, na hapo yanapogusana ndipo uozo unapoweza kuanza bila kuonekana wala kuuma, hata jino likawa zima kwa juu ilhali enameli, yaani gamba lake gumu la nje, imeshapenywa na uozo umeingia kwenye dentini iliyo laini zaidi.

Picha hiyo hupigwaje?

Kifaa kidogo cha kunasia mionzi, kilichovishwa mfuko mwembamba wa plastiki, huwekwa ndani ya kinywa, nawe unauma kishikio chake ili magego ya juu na ya chini yatokee pamoja. Kinabughudhi kidogo, hasa kwa mwenye kinywa kidogo. Baada ya sekunde chache picha iko kwenye kompyuta.

Uozo unaonekanaje?

Mwombe daktari akuonyeshe. Ni haki yako, na si vigumu kufuata. Enameli huonekana nyeupe, dentini ya kijivu, na kiini chenye neva kikawa cheusi zaidi, kwa kuwa penye madini machache mionzi hupita kwa wingi. Uozo wa kati ya meno mara nyingi hutokea kama pembetatu ndogo nyeusi, chini kidogo ya mahali meno yanapogusana. Hata hivyo, si kila weusi ni uozo: karibu na ufizi, enameli inapoishia, hata jino lisilo na uozo huweza kuonyesha kivuli kinachomhadaa msomaji asiye makini.

Weusi ukionekana, ni lazima jino lichongwe na kuzibwa?

La. Uozo ambao haujavuka enameli wala kutoboa uso wa jino unaweza kusimamishwa kwa floridi na kwa kupunguza sukari, kisha picha ya baadaye ikalinganishwa na hii iliyohifadhiwa. Kwa maoni yangu, ulinganisho huo ndio faida kubwa ya picha za kidijitali, kuliko hata kasi yake.

Picha ikiwa safi, basi meno yangu ni mazima?

Si lazima. Jino hupoteza takribani asilimia 30 hadi 40 ya madini ya mahali palipoathirika kabla weusi haujaonekana, na uozo mchanga wa mifereji ya juu ya magego hufichwa na enameli nene. Aidha, uozo kwa kawaida huwa umefika ndani zaidi ya picha inavyoonyesha. Ndiyo maana daktari huisoma pamoja na alichokiona kinywani.

Je, mionzi yake ina madhara?

Picha moja ndogo kwa kawaida haifikishi mikrosiveti 10 (mikrosiveti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili), wakati mionzi ya asili humpa mtu wastani wa mikrosiveti 2,400 hivi kwa mwaka. Hata hivyo, picha isipigwe kwa mazoea tu, bali kwa sababu inayoelezeka. Mjamzito amjulishe daktari mapema, ingawa ujauzito peke yake hauzuii picha inayohitajika kweli.