Je, wajua kwa nini Hispania imejaa akina García?

Kati ya majina yote ya ukoo nchini Hispania, hakuna lenye watu wengi kama García. Watu wapatao milioni 1.4 wanalo kama jina lao la kwanza la ukoo, na wapo wanaolibeba mara mbili, García García, kwa kuwa baba ni García na mama naye ni García. Hata hivyo, hawa wote si ukoo mmoja, wala hakuna babu mmoja waliyetokana naye.

Zamani García lilikuwa jina la kupewa mtoto. Lilianzia kaskazini, pande za milima ya Pirenei wanakoishi Wabaski. Katika karne ya 9 García Íñiguez alitawala ufalme mdogo wa Pamplona baada ya baba yake, Íñigo Arista. Maana ya jina bado inabishaniwa: wataalamu wengine hulihusisha na neno la Kibaski la dubu, wengine na la kijana. Kwangu mimi lenye uzito zaidi ni kwamba wafalme na wakuu walilipenda, wakawapa watoto wao kizazi baada ya kizazi, na raia wakafuata.

Zama hizo ubini ulibadilika kila kizazi. Mtoto alichukua jina la baba, likatiwa -ez mwishoni, kazi ile ile ya "bin" katika majina ya pwani yetu. Watawala wa Castilla, eneo la kaskazini mwa Hispania, wanalionyesha jambo hili vizuri. Fernán González alifariki mwaka 970, akarithiwa na mwanawe García Fernández, yaani García wa Fernán. Baada yake akaja mwanawe Sancho García, kisha mwana wa Sancho, García Sánchez, aliyeuawa mjini León angali kijana. Mtazame huyo Sancho García. Kwa utaratibu angeitwa Garcés, na wapo walioitwa hivyo, akiwemo mfalme Sancho Garcés wa Pamplona. Lakini mara nyingi jina García liliachwa lilivyo, bila mkia. Ndiyo maana leo González, Fernández na Sánchez wana -ez, na García hana.

Baadaye ubini ukaacha kubadilika, ukawa jina la kurithiwa. Mapadre walianza kuandika ubatizo na ndoa kwenye madaftari, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki uliomalizika mwaka 1563, ukaifanya kazi hiyo kuwa wajibu wa kila parokia. Familia nyingi zisizo na undugu wowote zikajikuta na García moja, kila moja kwa babu yake. Wakati huo jina lilikwisha kushuka kusini pamoja na majeshi na walowezi wa Kikristo walioitwaa nchi kutoka kwa watawala Waislamu: Toledo ilitekwa mwaka 1085, Sevilla 1248, Granada 1492. Wayahudi na Waislamu waliobatizwa, wengi kwa kulazimishwa, nao walichukua majina ya Wakristo.

Ng'ambo hali ilikuwa chungu zaidi. Katika bara la Amerika, wenyeji na Waafrika waliouzwa utumwani walibatizwa na kupewa majina ya Kihispania, yao wenyewe yakafutwa kwenye maandishi. Kule Ufilipino gavana Narciso Clavería alitoa amri mwaka 1849 kwamba kila familia iwe na jina la ukoo, akatoa kitabu chenye majina yapatayo 60,000 ya kuchagua. Leo García ni miongoni mwa majina yaliyoenea sana huko, na Carlos P. Garcia alikuwa rais wa nchi hiyo kuanzia 1957 hadi 1961. Kwa hiyo ukikutana na García, usiharakishe kudhani mababu zake walitoka Hispania.

Hata Kongo jina hili lilifika, kupitia Wareno walio nalo pia. Mfalme Nkanga a Lukeni, aliyeanza kutawala Kongo mwaka 1641, anajulikana kwa jina la ubatizo la Garcia II. Hapo bado lilikuwa jina la mtu, kama lilivyokuwa Pamplona.

Nchini Marekani, sensa ya mwaka 2010 ilihesabu akina Garcia 1,166,120, jina la sita kwa wingi nchini humo, nyuma ya Smith, Johnson, Williams, Brown na Jones.

Wingi huu una taabu yake. Mhispania hubeba majina mawili ya ukoo, na kwa desturi la baba ndilo lililotangulia. García linapokuwa la kwanza, mara nyingi watu hulipita na kushika la pili: mshairi Federico García Lorca hutajwa kwa jina la mama yake, Lorca. Tangu mwaka 2017, sheria ya Hispania haimpi tena baba kipaumbele. Wazazi hukubaliana lipi litangulie, na wakishindwa, msajili ndiye huamua.