Skrapubuku na skrepa ni ndugu

Juzi nimekutana tena na tangazo la mpiga picha: "Skrapubuku ya harusi, kurasa 40, jalada la ngozi." Hiyo ni albamu. Nzuri, tena ya gharama, lakini albamu.

Skrapubuku ni kitabu unachobandika vipande vya maisha yako: picha, tiketi ya basi, kadi ya mwaliko, kitambaa kilichobaki kwa fundi, na pembeni unaandika maelezo kwa mkono wako. Basi.

Jambo lenyewe limo kwenye jina. Hiyo "skrapu" ndiyo skrepa ileile, vyuma chakavu, anayoipitia mtaani kijana wa mkokoteni na mizani yake. Waingereza walilipata neno hilo kutoka lugha ya kale ya Skandinavia, na kabla halijafika kwenye vyuma lilikuwa la mezani: makombo. Skrapubuku, kwa hiyo, ni kitabu cha makombo, vitu vilivyokuwa vinaelekea jalalani mtu akavionea huruma. Picha uliyomlipa mtaalamu akupige haijawahi kuwa kombo.

Albamu ina ukoo mwingine kabisa. Kwa Kilatini *albus* ni -eupe, na Warumi waliita *album* ubao mweupe wa kuandikia matangazo ya umma. Karne ya 16 wanafunzi wa Ujerumani wakalichukua jina hilo kwa vijitabu vya kukusanyia saini za marafiki. Baadaye zikaja picha, kisha santuri, zilizouzwa zikiwa kwenye majalada yenye mifuko kama vitabu vya picha. Ndiyo maana msanii wa Bongo Fleva hadi leo anatoa "albamu" hata kama hakuna cha kushika mkononi.

Kwenye albamu unachomoa picha, unamwonyesha shangazi, unairudisha. Kwenye skrapubuku huchomoi kitu. Gundi ndiyo kila kitu. Mwandishi Mark Twain alilielewa hilo vizuri: mwaka 1873 alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya skrapubuku ambayo kurasa zake zimekwisha kupakwa gundi, unalowesha tu na kubandika.

Basi, ndugu mpiga picha, endelea kuuza albamu zako, zinapendeza. Ukiona neno lile lazima libaki kwenye tangazo, waachie maharusi kurasa chache tupu mwishoni. Kadi ya mchango na risiti ya ukumbi wanazo wenyewe.