Musa Alivua Viatu Gani? Dhahiri na Batini katika Kufasiri Qur'ani

Katika sura ya Taha, aya ya 12, Musa anaamrishwa avue viatu vyake, kwani yumo katika bonde takatifu la Tuwa. Mfasiri wa kawaida hueleza bonde, viatu na adabu ya mahali patukufu, kisha husonga mbele. Masufi, Waislamu wa njia ya kiroho, walituama hapo. Kwao viatu viwili ni dunia na akhera: amwendeaye Mola wake haendi na tamaa, hata ya pepo.

Basi Musa hakuvua viatu? Hapa ndipo wengi huteleza. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kisufi aliyefariki mwaka 1111, alilijibu swali hili katika kitabu chake Mishkat al-Anwar: Musa alivua vya miguuni, na moyoni akaziacha dunia zote mbili. Mwenye kuitupa dhahiri, yaani maana ya nje, akabaki na ya ndani alimwita Batini, mwenye kung'ang'ania dhahiri tu, Hashwi, mkamilifu huzikusanya. Akaleta na hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa. Mtu asifuge mbwa sebuleni akadai kwamba mbwa aliyekusudiwa ni hasira. Amtoe wa sebuleni, kisha amgeukie wa moyoni.

Wanafalsafa walishika njia nyingine. Ibn Sina (aliyefariki 1037) aliisoma Aya ya Nuru, 24:35, inayofananisha nuru ya Mungu na taa iliyo katika shubaka, kama maelezo ya akili ya mwanadamu: shubaka ni akili isiyojifunza kitu bado, taa ni akili iliyokwisha kumiliki maarifa, na moto ni Akili Tendaji, akili ya juu iliyo nje ya mtu, iwashayo ya mwanadamu. Usomaji wa kuvutia, ila mimi huona aya imevishwa kanzu iliyoshonwa kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki. Ibn Rushd naye alisisitiza kwamba taawili, yaani kuacha maana ya dhahiri na kuchukua nyingine, ni ya wenye burhani, hoja ya kimantiki isiyo na shaka, isimwagwe mbele ya kila mtu.

Wanazuoni walioipokea tafsiri ya ishara, ile ya maana ya ndani kama ya Masufi, waliitia masharti: isipingane na dhahiri, isidai kuwa ndiyo maana pekee, na iwe na ushahidi wa kisheria. Mfano wanaoupenda ni wa Ibn Abbas, binamu wa Mtume, angali kijana. Khalifa Umar aliwauliza wazee waliopigana vita vya Badr kuhusu sura ya An-Nasr, inayotaja ushindi. Baadhi wakasema tumeamrishwa kumsifu Mungu na kuomba msamaha tunapopata ushindi, wengine wakanyamaza. Ibn Abbas akasema ni ajali ya Mtume, yaani wakati wake wa kufa, Mungu amemjulisha kwamba umekaribia. Sura yenyewe haitaji kifo hata kwa neno moja. Umar akasema naye hajui juu yake ila hilo.