Behewa kuukuu si lundo la chuma tu

Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910 kutoka kusini, kupitia Sakania, na tangu hapo mji huu umeishi na treni. Ndiyo maana hunisikitisha kusikia behewa lililostaafu likisemwa kama mzoga: likatwe, liuzwe kwa kilo, basi. Haya ndiyo maneno ninayoyasikia mara nyingi, na majibu yangu.

"Ni chuma tu." Chuma ndicho kingi zaidi kwa uzito, lakini ndani mna shaba ya nyaya na mota, alumini, vioo, mpira na mbao. Kuyeyusha alumini kuukuu hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuitengeneza kutoka kwenye madini. Na kabla ya tanuri kuna hatua ambayo wengi huiruka. Gurudumu lililolika hukerezwa likarudia umbo lake. Bogi, yaani fremu ya chini inayoshika magurudumu, na breki huhamia behewa lingine. Reli za Lubumbashi, Ndola na Bulawayo zina upana mmoja, milimita 1,067. Kipuri kisichohitajika hapa kinaweza kupata kazi huko.

"Akija fundi na gesi ya kukatia, kazi imekwisha." Hapa naomba tusikilizane. Mabehewa na mashine nyingi za zamani ziliwekwa asibesto kuzuia joto na moto. Ukikata ovyo, nyuzi zake hupeperuka bila kuonekana. Mtu huzivuta leo, saratani inaweza kuja baada ya miaka 20, 30, hata 40. Transfoma za zamani nazo zinaweza kuwa na mafuta yenye PCB, sumu iliyowekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001 ili iondolewe duniani. Mafuta hayo hayakaangiwi wala hayapakwi mwilini, hata yakionekana safi. Kwanza sumu itolewe na watu waliofunzwa, wenye barakoa zinazofaa, asibesto ikiwa imeloweshwa maji. Moto wa kukatia usubiri.

"Treni ikizeeka haibebi tena abiria." London ilistaafisha treni zake za mjini za aina ya D78 mwaka 2017. Mabodi yake ya alumini yalikuwa bado imara, yakafanyiwa ukarabati, na tangu 2021 baadhi yanabeba abiria katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, mahali pa treni za mwaka 1938.

"Bati la behewa halina madhara, litengenezwe mbabula, jiko la makaa." Rangi ya zamani mara nyingi ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ikipata moto wa makaa, moshi wake humfikia mama anayesonga bukari na mtoto aliye mgongoni. Fundi achague bati lisilopakwa rangi kamwe.